Kibaba cha Askari

Sura ya 6: Jeshi lipi la kale lilikuwa na nguvu kuliko yote?

“Mwalimu, Alexander na Warumi wangekutana, nani angempiga mwenzake?”

Swali hili hunifikia kila mwaka. Likitoka kwa mwanafunzi wa kidato cha pili, huja pamoja na Hannibal na tembo wake. Likitoka kwa mtu mzima kwenye baraza la kahawa, huja na Waajemi, na siku hizi na Wachina pia. Anayeuliza kwa kawaida ana jibu lake tayari, anachotaka ni tarakimu za kulitetea. Askari wangapi? Farasi wangapi? Tembo wangapi? Tunayapanga majeshi ya kale kama timu kwenye msimamo wa ligi, mwenye idadi kubwa juu, mwenye idadi ndogo chini.

Mimi huwarudishia swali jingine, na wengi hudhani nimekwepa: hao askari walikula nini jana usiku?

Sikwepi. Miaka yote niliyosoma habari za vita vya kale imenifikisha hapo. Nguvu ya jeshi ilikaa ghalani, na ilikaa kwenye orodha ya vijana walioweza kuitwa baada ya kaka zao kufa. Mkuki ulikuja baadaye. Tuanze na jeshi lililotajwa kuwa kubwa kuliko yote, tulipime kwa kipimo tunachokijua nyumbani.

Jeshi lililopimwa kama mchele

Mwaka 480 Kabla ya Kristo (K.K.), Xerxes, mfalme wa Uajemi, alivuka kutoka Asia kwenda kuipiga Ugiriki. Uajemi, ambayo leo tunaiita Iran, ndiyo iliyokuwa dola kubwa kuliko zote wakati huo, kutoka mpaka wa India hadi Misri. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za vita hivyo, anasimulia jinsi mfalme alivyowahesabu watu wake walipofika uwanda wa Doriskos. Walichukuliwa watu 10,000, wakasongamanishwa bega kwa bega mpaka pasiwe na nafasi. Ukachorwa mstari kuwazunguka, wakatolewa, na juu ya mstari ule ukajengwa ukuta wa kufika kitovuni. Kisha jeshi likaingizwa humo fungu kwa fungu. Boma likijaa, hao ni 10,000. Watoke, waingie wengine.

Kila nisomapo hapo namwona muuzaji wa mchele sokoni na kopo lake. Anajaza, anasawazisha kwa kiganja, anamimina kwenye mfuko, anajaza tena. Xerxes alipima watu kwa kopo la ukuta. Herodotus anasema boma lilijaa mara 170, yaani askari wa miguu 1,700,000. Akiongeza mabaharia, wapanda farasi na wafuasi wa jeshi, anapita watu milioni 5.

Je, tarakimu hiyo inawezekana? Tuijaribu kwa barabara kwanza. Chukua wale 1,700,000 peke yao, uwapange wanne wanne, kila safu ipewe mita moja na nusu ya kutembea bila kukanyagana. Foleni hiyo ina urefu wa kilomita zaidi ya 630. Wa mbele angekuwa ameshaipita Nairobi zamani na wa mwisho bado hajatoka Mombasa.

Sasa tuijaribu kwa chakula. Herodotus mwenyewe alipiga hesabu hii, na namheshimu kwa hilo. Alimpa kila mtu khoiniksi moja ya ngano kwa siku. Khoiniksi ilikuwa kipimo cha Kigiriki cha ujazo wa lita moja hivi, kinachokaribiana sana na kibaba chetu cha zamani, ambacho kwa nafaka ni karibu robo tatu ya kilo. Watu milioni 5 na ushei, kibaba kimoja kila mmoja, ni karibu tani 4,000 za nafaka kwa siku. Ni malori 400 ya tani 10. Kesho mengine 400. Keshokutwa mengine 400. Na hapo farasi na ngamia hawajaonja kitu.

Ndiyo maana wanahistoria wa leo wamelikata jeshi la Xerxes mpaka chini ya laki tatu, na wengine chini ya laki moja. Lakini tukicheka tarakimu na kufunga kitabu tutakosa jambo kubwa. Waajemi walikuwa mabingwa wa maandalizi. Maghala ya nafaka yalijazwa kwenye vituo vya njiani kabla jeshi halijaondoka. Mlango wa bahari wa Hellespont ulitandikwa daraja la mashua. Merikebu zilifuata pwani sambamba na askari. Kwa kulisha watu wengi mbali na nyumbani, hakuna Mgiriki aliyeweza kufanya nusu ya hayo.

Na hapo hapo ndipo Waajemi walipovunjika. Mwaka huohuo merikebu zao zilipigwa kwenye mlango mwembamba wa Salamis, karibu na Athens. Mfalme akarudi nyuma na sehemu kubwa ya jeshi kwa njia ya nchi kavu, na Herodotus anatuambia njaa iliwafanya wale majani na magome ya miti. Kuhara kukawamaliza waliobaki na nguvu.

Posho ya mpagazi, posho ya askari

Neno posho kwa asili ni chakula anachopewa mtu wa kazi kila siku. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 iliendeshwa kwa posho: mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, na kwa kawaida alipewa kibaba cha nafaka kwa siku. Wakuu wa misafara walijua hesabu ambayo majemadari wa kale nao waliijua.

Hesabu yenyewe ni hii. Mpagazi akibeba nafaka tupu, mzigo wake wote ni chakula chake mwenyewe cha siku 43. Akimlisha na askari mmoja, ni siku 21. Wakitaka kurudi nyumbani salama bila kununua wala kunyang'anya, waende siku 10 tu, kisha wageuze. Kuongeza wapagazi hakusaidii, kwa sababu kila anayeongezwa ana tumbo lake. Misafara ilivuka kikwazo hiki kwa kununua chakula njiani kwa nguo na shanga. Majeshi yalikivuka kwa njia tatu: kununua, kunyang'anya, au kufuata maji, maana chombo kimoja hubeba mzigo wa mamia ya watu na hakili.

Warumi walilishika somo hili kuliko wengine. Kikosi chao kikubwa kiliitwa legioni, neno ambalo wasomaji wa Injili wanalifahamu, na kilikuwa na askari 5,000 hivi. Chini yake walikuwa maakida, kila mmoja na watu wake 80. Lakini kipande cha legioni ninachokipenda kuliko vyote ni kile kidogo kabisa: watu 8 waliolala hema moja. Hao 8 walikuwa na hema moja la ngozi, baghala mmoja wa kubeba mizigo (mnyama anayezaliwa na punda na farasi), na mawe mawili ya duara ya kusagia.

Mawe hayo yana maana kubwa. Ngano nzima hukaa ghalani muda mrefu bila kuharibika, unga hauna uvumilivu huo. Kwa hiyo askari wa Kirumi alipewa ngano, karibu kilo moja pungufu kidogo kwa siku, akasaga mwenyewe. Jioni, baada ya kutembea kutwa nzima na baada ya kuchimba handaki kuzunguka kambi, mtu mmoja kati ya wale 8 aliketi na kuzungusha jiwe la juu kwa mpini wake mpaka kilo 7 na ushei ziwe unga. Bibi yangu alisaga mtama kwa jiwe la kusukuma mbele na nyuma, na najua mabega yanavyouma baada ya kilo moja. Kisha uji, au mikate iliyookwa majivuni. Kesho yake alfajiri, safari.

Legioni moja ilimaliza magunia 45 ya kilo 100 kila siku. Jemadari aliyekuwa na legioni 8 alitafuta magunia 360 kila siku kabla hajafikiria adui yuko wapi.

Kwa ufupi: Jeshi kubwa lisilo na ghala ni umati wenye njaa. Tarakimu za wanahistoria wa kale zigawe kwa kibaba kabla hujaziamini.

Mikuki kumi kwa mtu mmoja

Turudi kwa Alexander, maana najua msomaji anamsubiri.

Jeshi alilorithi kwa baba yake, Philip wa Makedonia, lilisimama juu ya falanksi. Falanksi ni ukuta wa watu. Kwa kawaida askari walisimama safu 16 moja nyuma ya nyingine, kila mmoja ameshika kwa mikono miwili mkuki mrefu ulioitwa sarisa, wa mita 6 hivi, na ngao ndogo ikining'inia shingoni. Urefu wa mkuki uliwezesha ncha za safu tano za mbele zote zitokeze mbele ya mtu wa kwanza. Wa nyuma waliinua mikuki yao juu, ikapunguza kasi ya mishale iliyokuwa inaanguka.

Polybius, Mgiriki aliyepelekwa Roma kama mateka na akaishi huko miaka mingi, ndiye aliyekaa na kulinganisha falanksi na legioni kwa utulivu. Aligundua jambo la kutisha. Askari wa Kirumi alihitaji nafasi ya kuzungusha upanga na kusogeza ngao yake kubwa, hivyo alisimama kwa upana wa Wamakedonia wawili. Mbele yake, basi, walikuwapo watu wawili wa safu ya kwanza, na kila mmoja alileta ncha tano. Mrumi mmoja mwenye upanga mfupi alikabili mikuki 10. Hawezi kuikata yote, hawezi kuipita.

Kwa nini basi falanksi ilishindwa? Polybius anajibu: kwa sababu ya ardhi. Ukuta wa watu unataka uwanja sawa, usio na handaki, mti, mto wala kilima, na dunia haina viwanja vingi vya namna hiyo. Mwaka 197 K.K., kwenye vilima vya Cynoscephalae huko Ugiriki, upande wa kulia wa falanksi ulikuwa unawasukuma Warumi kuteremka mteremko. Upande wa kushoto ulikuwa bado unapanda na haujajipanga, ukavunjwa. Ndipo afisa mmoja wa Kirumi, ambaye jina lake halikuandikwa, alipoona mgongo wa Wamakedonia uko wazi. Alichukua vikosi vidogo 20, akazunguka, akawaingia kwa nyuma. Mtu mwenye mkuki wa mita 6, amebanwa mbele na nyuma na wenzake, hageuki. Waliangusha mikuki wakakimbia, au wakafia pale pale. Mwaka 168 K.K., huko Pydna, hadithi ilijirudia: falanksi ilisonga mbele kwenye ardhi ya mabonde, ukuta ukapasuka, na Warumi wakaingia katika nyufa makundi kwa makundi.

Lakini hiyo haikuwa falanksi ya Alexander. Yeye hakuwahi kuitumia peke yake. Huko Gaugamela, katika Iraq ya leo, mwaka 331 K.K., falanksi ilimshikilia adui mahali pamoja huku Alexander mwenyewe akiongoza farasi kupenya pengo na kumwelekea Darius wa Tatu, mfalme wa Uajemi. Falanksi ilikuwa fuawe, farasi walikuwa nyundo. Warithi wake walirefusha mikuki na kupunguza farasi, wakabaki na fuawe bila nyundo.

Kwa hiyo, nani angeshinda? Mimi naamini siku moja, uwanja sawa, Alexander akiwa mzima, Warumi wa wakati wake wangepigwa. Kinachonishughulisha ni kesho yake asubuhi.

Pete zilizomwagwa Carthage

Hakuna jeshi la Kirumi lililopigwa kama lile la Cannae, kusini mwa Italia, tarehe 2 Agosti mwaka 216 K.K. Aliyewapiga ni Hannibal wa Carthage, mji uliokuwa kwenye viunga vya Tunis ya leo. Miaka miwili kabla alikuwa amevuka milima ya Alps pamoja na tembo, akawashinda Warumi mara mbili ndani ya nchi yao. Sasa Roma ilimletea watu zaidi ya 80,000. Yeye alikuwa na 50,000 hivi.

Hannibal aliipanga safu yake ya kati ikitokeza mbele kama tumbo la upinde. Warumi waliisukuma, tumbo likaingia ndani, wakadhani wanashinda na wakazidi kusonga. Pande mbili walikuwa wamesimama askari wa Kiafrika wa Carthage, wazoefu, hawajaguswa. Waligeuka wakatazamana, Warumi wakiwa katikati yao. Farasi wa Carthage, waliokuwa wamekwisha kuwafukuza farasi wa Kirumi, wakarudi na kufunga mlango wa nyuma. Watu walibanana mpaka wengi hawakuweza kuinua mkono. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anahesabu waliouawa 48,000 hivi. Polybius anafika 70,000. Kwa hesabu yoyote utakayochukua, ilikuwa kazi ya mchana mmoja, kwa mikono.

Mago, ndugu yake Hannibal, alipeleka habari Carthage. Inasimuliwa kwamba mlangoni mwa baraza alimwaga chini lundo la pete za dhahabu zilizovuliwa kwenye vidole vya wakubwa wa Kirumi. Walizipima kwa kipimo cha nafaka. Wengine walisema zilijaza vipimo vitatu na zaidi, Livy anaona kilichoaminika zaidi ni kimoja, kama nusu ya debe letu. Hata nusu debe ya pete ni vilio vya nyumba nyingi mno.

Baraza likashangilia. Ndipo, kwa masimulizi ya Livy, mzee mmoja mpinzani wa vita, Hanno, aliposimama na kuuliza maswali machache. Je, kuna hata mji mmoja wa Kilatini uliowaacha Warumi ukaja kwetu? Mago akajibu hapana. Je, kuna hata mtu mmoja wa makabila ya raia wa Roma aliyemkimbilia Hannibal? Hapana. Je, Warumi wametuma wajumbe kuomba amani? Hapana. Basi, akasema Hanno, vita ni vibichi kama siku Hannibal alipoingia Italia.

Nikiulizwa nani alikuwa na akili ya kivita kuliko wote katika kisa hiki, namtaja Hanno kabla ya Hannibal. Aliuliza kitu ambacho lundo la pete halikuonyesha: wamebaki wangapi, na wamebaki pamoja?

Walibaki wengi ajabu. Miaka michache kabla, Warumi na washirika wao wa Italia walipoorodhesha wanaume walioweza kubeba silaha, Polybius anasema walipita 700,000 wa miguu na 70,000 wa farasi. Roma haikuidai miji mingi ya Italia kodi ya fedha. Iliidai vijana, na iliigawia ngawira na ulinzi. Carthage, kwa upande wake, ilipigana kwa sehemu kubwa na askari wa kukodiwa, na askari wa kukodiwa huisha hazina inapoisha.

Baada ya Cannae Roma ilifupisha muda wa maombolezo uwe siku 30 ili kazi ziendelee. Ilikataa kuwakomboa kwa fedha askari wake waliotekwa, jambo ambalo hata leo nikilisoma linanichoma. Ilinunua watumwa vijana 8,000 waliokubali kupigana, na baadaye ikawapa uhuru. Ilishusha kutoka mahekaluni silaha zilizowahi kutekwa kwa maadui wa zamani ili zitumike tena. Haikufika miaka mitano, ilikuwa na legioni 25 hivi vitani kwa wakati mmoja. Hannibal aliendelea kuzunguka Italia kwa zaidi ya miaka kumi, akishinda hapa na pale, huku jeshi lake likipungua kama sabuni. Mwishowe aliitwa kuilinda Carthage yenyewe, na mwaka 202 K.K. jemadari wa Kirumi, Scipio, akamshinda huko Zama, akisaidiwa na farasi wa Numidia, jirani wa Carthage waliokuwa wamebadili upande.

Kwa ufupi: Hannibal alikuwa na jeshi bora. Roma ilikuwa na watu wengi waliokubali kuitwa tena.

Mishale juu ya ngamia

Msidhani Warumi walikuwa hawagusiki. Mwaka 53 K.K. tajiri wao Crassus aliongoza legioni 7 kuvuka mto Frati kwenda kuwapiga Waparthi, waliokuwa wameshika nchi za Uajemi. Karibu na Carrhae, ambayo leo ni Harran nchini Uturuki, alikutana na jemadari Surena mwenye wapanda farasi 10,000 hivi, wengi wao wapiga mishale.

Warumi walijifunika kwa ngao zao wakasubiri mishale iishe. Ni mpango wenye busara: kila mpiga upinde ana podo, na kila podo lina mwisho. Lakini Surena alikuwa amekuja na ngamia wengi waliobeba mishale mitupu. Mpanda farasi alimaliza podo lake, akarudi nyuma, akajaza, akaja tena. Warumi walipowaona wale ngamia, matumaini yalikatika. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anaandika kwamba 20,000 walikufa na 10,000 wakatekwa. Crassus mwenyewe aliuawa. Wanafunzi husema upinde ulishinda upanga. Mimi naona ngamia ndio walioshinda.

Na Wachina?

Wakati Roma inatawala Mediterania, dola ya Han ilitawala China, na tukizitazama pamoja zilikuwa na shida zinazofanana. Mwaka 119 K.K. mfalme Wu alituma majeshi mawili ya farasi kuwafuata Waxiongnu, wafugaji wa nyika za kaskazini. Walishinda. Lakini mwanahistoria wa Kichina Sima Qian ameandika hesabu ya farasi: walitoka 140,000, hawakurudi hata 30,000. Ili kulipa gharama za vita, serikali ilichukua mikononi mwake biashara yote ya chumvi na chuma. Mkulima aliyekuwa mbali na nyika alivilipia vita kila alipotia chumvi kwenye chungu.

Je, Han na Roma zingepigana? Mwaka 97 Baada ya Kristo mjumbe wa Kichina, Gan Ying, alitumwa kuitafuta Roma. Alifika kwenye bahari iliyo magharibi ya Waparthi, na mabaharia wakamwambia kwamba upepo ukiwa mbaya, safari huchukua miaka miwili, kwa hiyo wasafiri hubeba chakula cha miaka mitatu. Akageuka. Ikiwa posho ya mjumbe ilikuwa miaka mitatu, posho ya jeshi isingepatikana popote duniani.

Kabla ya kupanga ligi

Utakapoulizwa tena jeshi lipi lilikuwa na nguvu zaidi, jaribu kuuliza haya:

1. Nafaka ilitoka wapi, na ilifika kwa mgongo au kwa maji?
2. Aliyekufa leo, nani alichukua ngao yake mwezi ujao?
3. Ardhi ilikuwa rafiki wa nani?
4. Nani aliyeandika tarakimu? Ramses wa Pili wa Misri alijichora kwenye kuta za mahekalu akiwashinda Wahiti peke yake huko Kadesh, mwaka 1274 K.K. Wahiti walikuwa na kumbukumbu tofauti, na miaka 15 hivi baadaye pande mbili zilifunga mkataba wa amani, jambo ambalo mshindi kamili hana haja nalo.

Swali la tatu na la kwanza yanakutana vizuri zaidi barani kwetu, kwenye mto Nile.

Askari 400 na ngano ya miaka miwili

Kusini mwa Misri, katika Sudan ya leo, ulikuwapo ufalme wa Kushi, na mji wake mkuu Meroe ulikuwa kilomita 200 hivi kaskazini-mashariki ya mahali ilipo Khartoum. Malkia wake alibeba cheo cha Kandake, neno linalotajwa hata katika Matendo ya Mitume. Kandake wa wakati huu, ambaye wengi wanaamini alikuwa Amanirenas, anaelezwa na Strabo, Mgiriki wa enzi hizo, kuwa mwanamke shupavu mwenye jicho moja bovu.

Mwaka 25 K.K. hivi, Warumi wakiwa wameitwaa Misri miaka michache tu iliyopita, jeshi la Kushi lilishuka na mto, likaiteka Aswan na visiwa vyake, likaangusha sanamu za Kaisari Augusto. Gavana wa Misri, Petronius, akalifuata. Alikuwa na askari wa miguu pungufu ya 10,000 na farasi 800. Strabo anawapa Wakushi 30,000, wenye ngao kubwa za ngozi ya ng'ombe, mashoka, mikuki na panga. Petronius alishinda, akapanda na mto mpaka Napata, mji mtakatifu wa Kushi, akauchoma.

Kwa msimamo wa ligi, mechi imekwisha. Roma mabao mengi, Kushi bila kitu.

Lakini mbele ya Napata kulikuwa na jangwa, na mtoni kulikuwa na maporomoko ya mawe, moja baada ya jingine, ambako kila chombo hushushwa mizigo na kuvutwa kwa kamba. Njia ya maji iliyoilisha Roma ilikuwa imefungwa kwa mawe. Petronius aliona kwamba kwenda zaidi ni shida, akageuza. Kwenye ngome ya Premnis, juu ya jabali kando ya mto, aliacha askari 400 na chakula cha miaka miwili.

Dola yenye legioni zaidi ya 25, yenye ngano yote ya Misri mgongoni pake, ilipofika pale iliweza kulisha watu 400.

Kandake alirudi na maelfu ya watu kuwaondoa wale 400. Petronius aliwahi kufika ngomeni, wakakaa wakitazamana, kisha wakazungumza. Wajumbe wa Kushi walipoambiwa waende kwa Kaisari, walisema hawamjui ni nani wala anakaa wapi. Wakasindikizwa mpaka kisiwa cha Samos, alikokuwa Augusto. Aliwapa walichoomba, na kodi iliyokuwa imewekwa ikafutwa. Mpaka ukatulia kilomita 120 hivi kusini mwa Aswan, na ukakaa hapo karibu miaka 300, mpaka mwaka 298 Baada ya Kristo, Warumi wenyewe walipourudisha nyuma hadi Aswan.

Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale huko Meroe walifukua kizingiti cha jengo moja lililojengwa kwa kumbukumbu ya ushindi. Chini yake kulikuwa na kichwa cha shaba cha Kaisari Augusto, kikubwa kuliko cha mtu, kimekatwa kwenye sanamu yake na kuzikwa pale ili kila anayeingia apite juu yake. Mchanga mkavu ulikuwa umekihifadhi. Macho yake ya kioo na jiwe yalikuwa bado wazi.